Konstebo Uingereza: uanagenzi wa digrii au kuingia na digrii mkononi?

Uanagenzi ni wa miaka 3. Unalipwa mshahara tangu mwanzo, ada ya chuo hulipi, na unamaliza na digrii ya kazi ya polisi. Taabu ni muda: zamu ya usiku haingoji umalize insha, na masomo ni sehemu ya kipindi cha majaribio, hivyo ukifeli darasani hata ajira iko hatarini.

Mwenye digrii, hata ya kilimo, hupitia programu ya miaka 2 na kupata diploma. Kwake uanagenzi ni kupoteza mwaka mzima.

Mkenya au Mtanzania anaruhusiwa kuomba, mradi ana kibali cha ukaazi usio na kikomo. Kwa kawaida uchunguzi wa usalama hudai pia miaka 3 ya kuishi nchini.