Audacity kwa podikasti ya kwanza ya mwanafunzi: tathmini ya mwalimu

Wanafunzi wa uandishi wa habari ninaowafundisha wanapopewa kazi ya kutengeneza podikasti yao ya kwanza, swali linalotangulia mengine yote ni programu gani waitumie kuhariri sauti, nami huwaelekeza kwenye Audacity. Zipo programu zenye sura ya kupendeza zaidi, lakini nyingi hulipiwa kila mwezi, na mwanafunzi asiyeweza kulipa huishia kupachika nakala ya wizi inayoijaza kompyuta yake virusi. Audacity ni ya bure kabisa, haina muda wa majaribio unaokwisha katikati ya muhula, na inakubali kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida za Windows, Mac na Linux bila kuhitaji intaneti wakati wa kuhariri.

Programu hii ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na hadi leo ni programu huria chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Mwaka 2021 ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, na mwaka huohuo watumiaji wengi waliilalamikia sera yake mpya ya faragha, mpaka ikaandikwa upya. Kwa kazi ya darasani sioni sababu ya kuiogopa, mradi ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi.

Sifa yake kubwa, na pia mpaka wake, huonekana pale inapokutana na kelele. Kundi moja la wanafunzi lilichagua kusimulia maisha ya mama mmoja anayekaanga samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam, likarudi na mahojiano ya aina mbili: sehemu moja ilirekodiwa nyumbani kwake feni ikizunguka, na nyingine sokoni, hatua chache kutoka kwenye mnada wa samaki. Kwa mvumo wa feni, kifaa cha kupunguza kelele kilichomo ndani ya Audacity kilifanya kazi ya kuridhisha. Mhariri huchagua sekunde chache ambazo hakuna anayezungumza, huiagiza programu ijifunze kelele hiyo kuwa ndiyo ya kuondolewa, kisha huchagua rekodi nzima na kuisafisha. Kupunguza kelele kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 12 kwa kawaida kunatosha. Ukilazimisha 24, mvumo unakwisha kweli, lakini sauti ya msemaji nayo inakuwa kama inatoka ndani ya pipa.

Kwa rekodi ya sokoni mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu kelele ya mnada haitulii: mara dalali anapaza sauti kutaja bei, mara mkokoteni unapita, mara watu wanacheka, na kifaa hiki kimeundwa kushughulikia kelele isiyobadilika. Kila walipojaribu kumfuta dalali, walimla na mama mwenyewe. Hatimaye mahojiano ya nyumbani yakawa uti wa mgongo wa kipindi, na sauti za mnada zikawekwa kwenye traki ya pili, zikapunguzwa kwa kifaa cha kuongozea ukubwa wa sauti ili zisikike kwa chini mama anapoeleza jinsi anavyonunua samaki alfajiri. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi hurekodi ovyo wakiamini kwamba kompyuta itawaokoa. Kusogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa msemaji, au kumwomba mwenyeji azime feni kwa muda, kuna faida kuliko kifaa chochote kilichomo kwenye menyu ya Effect.

Katika kukata na kuunganisha, Audacity ni mwalimu mzuri, kwa kuwa mwanafunzi anayaona mawimbi ya sauti mbele yake na kuyakuza mpaka anaona pumzi moja. Katika mahojiano yale mama alisema, «Nilianza biashara hii, yaani, aaa, mwaka ule mume wangu alipoumwa.» Ile «aaa» iliondolewa bila mtu kujua, lakini kabla ya «mume wangu» palikuwa na kimya cha kama sekunde mbili, na mwanafunzi aliyekuwa akihariri alitaka kukifuta kwa kuwa kwenye skrini kilionekana kama nafasi tupu. Tulikisikiliza pamoja kwa hedifoni, naye mwenyewe akaamua kukiacha. Tangu toleo la 3.1, kipande kilichopunguzwa kwa kuburuta ukingo wake kinaweza kurefushwa tena hata siku nyingine, jambo linalompa anayejifunza ujasiri wa kujaribu.

Kwa sababu hiyohiyo siwashauri wanafunzi kutumia kile kifaa kinachofupisha vimya vyote kwa mkupuo. Maneno yetu mengi huishia na irabu inayofifia taratibu, hasa kwa mzungumzaji mpole, na kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti iliyo chini yake huhesabiwa kuwa kimya, kikiwekwa juu, kwa mfano desibeli -20, mikia ya maneno huhesabiwa kuwa kimya na kukatwa. Kipindi kinakuwa kifupi kweli, lakini msikilizaji anabaki akihisi kwamba msemaji anafukuzwa.

Suala la faili linahitaji uangalifu. Tangu toleo la 3.0 mradi wote hukaa ndani ya faili moja lenye kiambishi aup3, badala ya faili na folda yake ambayo zamani ilikuwa rahisi kuisahau wakati wa kunakili kwenye flashi. Hata hivyo faili hilo ni zito: kwa mpangilio wa kawaida wa biti 32, traki moja ya mono (ya chaneli moja) hula zaidi ya megabaiti 10 kwa kila dakika, na wala faili lenyewe halichezi kwenye simu ya msikilizaji. Kazi inayokabidhiwa ni ile iliyotolewa kama MP3. Kipindi cha dakika 15 katika kilobiti 96 kwa sekunde huwa na megabaiti 11 hivi, ilhali WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya mono ya biti 16 hukaribia 80, na tofauti hiyo ni bando la msikilizaji. Kabla ya kutoa, sauti isawazishwe kufikia LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) -16, kiwango kinachopendekezwa na Apple Podcasts, kwa sababu -23 ambayo Audacity huja nayo ni ndogo mno kwa anayesikiliza ndani ya daladala.

Kikwazo kikubwa kipo upande wa simu. Audacity haina toleo la simu, na wanafunzi wengi simu ndicho kifaa chao pekee cha kurekodi. Simu nyingi huhifadhi rekodi katika muundo wa m4a, ambao kwenye Windows Audacity haiusomi mpaka iongezewe FFmpeg, programu ya nyongeza ya kusoma miundo mingi ya sauti, nayo hupakuliwa kando. Ninawashauri wakufunzi waiweke FFmpeg kwenye kompyuta zote za maabara kabla ya muhula kuanza, na wanafunzi wachague programu ya kurekodi inayohifadhi moja kwa moja katika WAV. Asiye na laptopu apangiwe saa zake maabara, kwa kuwa kuhariri dakika 15 za mahojiano vizuri si kazi ya mchana mmoja.