Mafuta ya mwarobaini kwa ndimu na malimau ya balkoni: vile yamenifanyia hapa Nakuru

Nakaa fleti upande wa Section 58 na balkoni yangu imejaa ndimu, malimau na mchungwa mmoja wa kupandikizwa, yote kwa ndoo za rangi za lita 20. Mvua ndefu ilipopungua majani yakaanza kunata, halafu yakashika ukungu mweusi juu, na ukiyapindua unapata vidukari wamejaa kwa machipukizi, wale wengine weupe wa pamba pamba wamejificha pale tawi linaunganika na shina, na wadudu wa gamba la kahawia wamejibandika hata huwezi dhani ni kitu hai. Ule utamu unaonata ni wao wanautoa wakishafyonza maji ya mti, na ukungu unamea juu yake.

Agroveti ya mtaani kijana akaniambia, "Mathe, chukua hii ya imidakloprid, unamwaga kwa mchanga mara moja mti unaivuta yote." Nikamwambia hapana kijana wangu, hizi ndimu naziweka kwa chai na kachumbari, na maua yakifunguka nyuki wanajaa hapo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hiyo dawa kutumika nje shambani mwaka wa 2018 sababu ya nyuki, sasa mimi niimwage kwa ndoo ya balkoni ya nini? Nikachukua mafuta ya mwarobaini, chupa ndogo, chini ya mia tano.

Kitu ya kwanza mtu wa Nakuru ajue: haya mafuta yanaganda. Huku tuko juu, karibu mita 1,850, na asubuhi ya Julai chupa inakuwa nzito hakuna kitu inatoka. Si kuharibika, iweke tu kwa sufuria ya maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke. Mimi nachanganya kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, natangulia na matone ya sabuni ya maji ya vyombo ndio mafuta yashikane na maji, natikisa, napuliza hapo hapo manake ikilala haina nguvu tena. Napuliza jioni jua likiwa limeenda, kwanza jua linaua nguvu ya mwarobaini haraka, pili mafuta kwa jani lenye jua kali yanaliunguza. Na ni chini ya jani, watu wangu, chini! Juu hakuna mdudu wa maana.

Harufu ni mbaya, sitaficha. Funga mlango wa sebule na uambie jirani wa juu mapema.

Kwa vidukari na wale weupe imefanya kazi vizuri sana, lakini si dawa ya kuua papo hapo, unapuliza, unangoja wiki, unarudia, unarudia tena, na unaona wanapungua polepole. Wale wa gamba ni shida, wakishakomaa mafuta hayapenyi vizuri, kwa hivyo nilichukua mswaki mzee na maji ya sabuni nikawasugua mmoja mmoja kwa shina, ndio nikapuliza kwa ajili ya watoto wao ambao bado hawajajenga gamba. Hii kazi ya mswaki ndio imeokoa limau langu kubwa, nasema kwa roho safi.

Na sisimizi! Hakuna mtu anaongea juu ya sisimizi na ndio mzizi wa fitina. Wanakula ule utamu, kwa hivyo wanawalinda hao wadudu, wanafukuza wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao wangewala na kuwamaliza bure. Nilizungusha selotepu pana kwa shina nikapaka vaselini nene juu yake, na nikavuta ndoo mbali na ukuta ndio jani lisiguse popote. Bila hiyo ungepuliza mpaka Krismasi.

Pale haikusaidia: zile njia za rangi ya fedha zinazojipinda ndani ya jani changa, mdudu yuko katikati ya jani, mafuta hayamfikii vizuri. Mti mkubwa unavumilia, siyakati hayo majani. Viwavi wa yule kipepeo wa mimea ya machungwa natoa kwa mkono, wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege hadi umguse atoe pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali.

Mchungwa ndio unanisumbua moyo. Majani machanga yametoka vinundu juu na mashimo chini, hiyo ni alama ya chawa wa michungwa anayependa baridi ya huku kwetu, na huyo anabeba ule ugonjwa wa kufanya matunda yabaki madogo, ya upande, machungu, na hauna tiba. Vinundu peke yake si ugonjwa, kwa hivyo nimeutenga kona yake, naupuliza kila chipukizi jipya likitoka, na nikiona majani yanashika manjano ya mabaka nitaung'oa ndio ile miti mingine ipone.

Ukinunua angalia lebo ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu, na tarehe haijaisha, na ukifungua usisikie harufu yoyote, rudisha hiyo chupa.