Manyoya ya chambo cha kurambaza: yapi ya kununua Tanga, na namna ya kuyazungusha

Anayefunga chambo cha manyoya cha kuburura nyuma ya chombo kwa ajili ya samaki kama sehewa, kolekole au nguru hana haja ya kuagiza kitu kutoka nje. Manyoya mazuri yapo soko la Mgandini na kwa wafugaji wa vijijini, na mengi huishia jalalani. Kinachowashinda wengi ni kuchagua. Wanaangalia rangi, ilhali kinachomvuta samaki ni ulaini wa uti wa katikati na utando, yaani sehemu nzito ya nyuzi karibu na uti, vinavyouchezesha unyoya majini.

Jihadhari na ushauri wa wavuvi wa trauti wa Uingereza na Marekani. Wao huvua kwenye mito ya maji baridi, na wadudu wao wengi wa bandia hutakiwa kuelea, kwa hiyo hutafuta manyoya makakamavu yenye utando kidogo sana. Huko hufugwa majogoo maalumu kwa ajili ya manyoya tu. Anayeburura chambo nyuma ya ngalawa anataka kinyume chake: unyoya unaolowana upesi, unaozama na kutikisika.

Nafasi ya kwanza: kiuno cha jogoo mweupe wa kienyeji

Ni yale manyoya marefu yanayoning'inia pande mbili za mgongo karibu na mkia. Chukua ya jogoo aliyetimiza mwaka. Ya kijana huwa mafupi na mengine bado yana damu kwenye shina, nayo huoza. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha chambo cha nguru. Chambo kimoja hula manyoya sita hadi manane ya mkia wa chambo na mawili ya kuzungushia kola, yaani pete ya nyuzi shingoni mwa chambo.

Usilipie jina la kuchi. Ni kuku wa thamani, lakini manyoya yake ni haba, mafupi na yameshikana na mwili. Bei yake ni ya umbo na ubabe.

Nafasi ya pili ni shingo ya jogoo huyohuyo. Faida yake ni kwamba saizi zote zipo mahali pamoja: madogo ya kisogoni yanafaa mshipi wa vibua wenye ndoana nyingi, makubwa ya karibu na mabega yanafaa kola ya chambo cha kati. Chukua ya nyuma ya shingo, maana ya mbele hulowa damu kisu kinapopita. Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, hana cha kukupa hapa.

Ya tatu ni manyoya ya mtetea. Mafupi, laini, yamejaa utando. Hayafai mkia hata kidogo, lakini kwa kola ya chambo cha kolekole hatuoni cha kuyashinda. Ya kanga, yenye madoa, tunayaweka pamoja nayo: nyongeza nzuri ya kooni, si msingi.

Pakiti za manyoya yaliyotiwa rangi tunazipa nafasi ya nne. Yamelingana urefu, hilo ni kweli, ila huenda yakawa ya upande mmoja wa kuku, yote yamepindia kulia au yote kushoto, na utaona baadaye kwa nini hilo ni tatizo. Wa mwisho ni kuku wa kisasa wa nyama. Anauzwa akiwa na wiki tano au sita, hajaota manyoya unayoyatafuta.

Kununua kwa mchinjaji

Panga naye kabla. Kuku akishachinjwa na roho ikatoka kabisa, ng'oa manyoya yakiwa makavu, kabla hajatumbukizwa kwenye maji ya moto. Yakilowa humo, nyuzi hugandamana. Weka ya kulia kwenye mfuko wake na ya kushoto kwenye wake, palepale.

Pima moja kwa kulizungusha kwenye kidole kidogo. Uti ukipasuka au ukitoa mstari mweupe, yaache yote ya kuku huyo. Kisha linyanyue mwangani: utando, yaani sehemu nzito isiyopitisha mwanga katikati, uchukue walau theluthi ya upana.

Nyumbani yaoshe kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, yaanike kivulini, kisha yaweke kwenye friza wiki mbili ili kuua wadudu na mayai yao. Ukitaka rangi, rangi ya chakula na siki kwenye maji ya moto yasiyochemka hushika vizuri.

Kuzungusha kola

Bana ndoana ya mguu mrefu, saizi 5/0 au 6/0, kwenye jiliwa. Funga mkia kwanza: manyoya matatu au manne ya kulia upande mmoja, idadi ileile ya kushoto upande wa pili. Matumbo, yaani pande zilizobonyea, yakitazamana, chambo kinakuwa chembamba na kinaenda moja kwa moja. Migongo ikitazamana, yanatanuka na kupiga kila unapovuta mshipi. Hii ndiyo tunayoipenda kwa kolekole.

Unyoya wa kola uloweke dakika tano. Ondoa manyoya mepesi ya shina, lakini usiuparue uti ukabaki mtupu. Kata nyuzi za mwisho kwa mkasi zibaki vishina vya milimita moja ili uzi upate pa kung'ata. Uti laini mtupu huchomoka samaki wa kwanza akivuta. Funga shina kwa mizunguko sita ya uzi wa polista, upande unaong'aa ukitazama mbele.

Zungusha mara tano hadi saba, kila mzunguko ukigusa ulio nyuma yake, huku ukilaza nyuzi nyuma kwa vidole vilivyolowa. Uti ukianza kujisokota, usiulazimishe: rudisha mzunguko mmoja, ugeuze ulale kwa ubapa wake, endelea. Acha milimita tatu nyuma ya tundu la ndoana. Kosa la kawaida ni kola kufika hadi tundu, kichwa kikakosa nafasi, fundo likafumuka.

Kwa nguru, pitisha juu ya kola waya mwembamba wa shaba kutoka kwa fundi wa mota, mizunguko minne kuelekea upande ulio kinyume na wa unyoya. Jino likikata uti mahali pamoja, kola nzima haifumuki. Malizia kichwa kwa tabaka mbili za rangi ya kucha isiyo na rangi, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili.

Jaribu chambo ubavuni mwa chombo kabla ya kukiachia. Kikizunguka kama pia, mkia una manyoya mengi ya upande mmoja kuliko mwingine. Punguza upande ulioelemea, moja moja, hadi kitulie, la sivyo mshipi wote utasokotana.