TAHADHARI: Kuna muuza kingamwili feki za p53 hapa Mwanza

Wakuu wa maabara Kanda ya Ziwa, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kingamwili za utafiti (zile za kunasa protini moja maalumu kwenye sampuli) kwa bei ya kutupa. Anadai ana stoo Dar, mzigo unapanda basi, wewe unaupokea stendi ya Nyegezi. Msimtumie hela.

Sisi alituuzia ya p53, ile protini inayowasha jeni za kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Laki nne, wakati mawakala wanaotambulika walitutajia zaidi ya milioni. Boksi lilifika linavuja maji, barafu imeshayeyuka, na lebo ya kichupa imelowa hadi inabanduka pembeni. Chini yake kuna lebo nyingine! Tukaingiza namba ya loti ya ile ya chini kwenye tovuti ya mtengenezaji, ikaleta kingamwili ya aktini, protini nyingine kabisa.

Jamaa si mjinga. Aktini imo karibu kwenye kila seli, kwa hiyo ukifanya westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kisha kingamwili inaonyesha protini yake kama mstari) mstari unatokea tu, mnene na safi, sampuli yoyote utakayoweka. Mwenye haraka atashangilia. Ila mstari wetu ulikaa kwenye kilodaltoni 42 (kizio cha uzito wa protini), na p53 ya binadamu kwenye jeli husomeka karibu na 53, ndiyo asili ya jina lenyewe. Tulipombana akajibu bila wasiwasi kwamba uzito halisi wa p53 ni 43.7, hivyo tuko sawa. Na uzito huo ni wa kweli! Amino asidi zake 393 ukizijumlisha unafika hapo. Sehemu yake yenye amino asidi ya prolini kwa wingi ndiyo inayoichelewesha kwenye jeli, ikasomeka nzito kuliko ilivyo. Mwanafunzi wa uzamili anayebanwa na tarehe ya kukabidhi tasnifu ataumeza uongo wa namna hiyo mzimamzima. Kilichommaliza ni seli za H1299 (seli za saratani ya mapafu zinazokuzwa maabara), ambazo hazitengenezi p53 kabisa. Nazo zilitoa mstari uleule.

Laki nne inauma, sawa. Lakini vipande vya uvimbe tulivyopewa na wagonjwa kwa ridhaa yao, vikaishia kwenye bloti ile, tutavitoa wapi tena?

Sasa amebadilisha namba na nasikia anatangaza kingamwili ya STAT3, protini nyingine. Kabla hujamlipa muuzaji yeyote usiyemjua, dai picha ya lebo ambayo loti inasomeka, cheti cha loti hiyohiyo, na jina la kloni, yaani toleo mahususi la kingamwili (kwa p53 ya binadamu mara nyingi utakuta DO-1 au DO-7), kisha mwandikie mtengenezaji mwenyewe athibitishe. Huyu wetu ukimuuliza kloni anakujibu "orijino hiyo bosi" na kukutumia lipa namba.

Mliokwishalipa, msifute meseji za muamala wala kutupa vichupa, na lebo msizibandue. Njooni inbox, tunakusanya ushahidi wa kupeleka polisi kwa pamoja.