TAHADHARI: kuna muuzaji wa vikapu na zawadi za mkono anakula hela za watu hii Krismasi

Ndugu zangu wa Kampala, Bombo, Jinja, Arua na kwingine kote, tafadhali someni hii kabla hamjatuma advansi ya zawadi za sikukuu. Kuna mtu anauza onlaini vikapu, mikeka, shanga za karatasi na mifuko ya lubugo (kile kitambaa cha ganda la mti), ukurasa wake unavutia kweli, picha safi, bei nafuu, na hakuna mzigo unaofika. Jina la ukurasa silitaji kwa sababu analibadilisha kila mara, na hilo la leo kesho unaweza kukuta ni la mtu mwingine asiye na kosa. Namna yake ya kufanya kazi ndiyo haibadiliki, hiyo ndiyo nataka muishike.

Kikundi chetu cha akiba huwa kinagawia wanachama zawadi mwisho wa mwaka. Mwaka huu watu wakasema basi na mabeseni ya plastiki, tununue kazi ya mikono ya mama zetu hela ibaki hapa hapa. Wazo zuri sana, na bado nalitetea. Kamati ikamwandikia huyu mtu kutaka vikapu 40 vya ukubwa wa kati, akasema kimoja 35,000, ndani ya wiki moja vyote viko tayari, tumeni nusu. Nusu ni 700,000. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN lilikuwa tofauti kabisa na la muuzaji, akasema ni kaka yake anayemshikia duka. Baadaye akatuma picha ya risiti ya paseli, eti mzigo umeshafika ofisi ya basi ila muongeze 85,000 ya kufungia na usafiri ndio uachiliwe. Mweka hazina wetu, mama mmoja asiyekubali maneno ya simu, akapanda boda mpaka ofisi ya basi wakafungua kitabu chao, namba ya ile risiti haimo. Kupiga simu, imezimwa. WhatsApp, ametubloki wote.

Zile picha nazo tukaja kugundua ni za mama mmoja msusi ambaye hata hakujua kazi yake inatembea mtandaoni. Kuna kastama walishamfuata yeye wakimdai hela zao, wakimwita mwizi mbele ya majirani. Hiyo imeniuma kuliko hata hela za kikundi, kwa sababu msusi anaishi kwa jina lake, likichafuka nani atampa oda tena?

Mimi nilikuwa safarini wakati oda inawekwa, niliporudi nikaonyeshwa mazungumzo na pale kwenye "wiki moja" nikasimama. Nimekulia Bombo, mama na shangazi zangu wanasuka tabaga, zile sinia za kusukwa, najua kazi hii inavyokula muda. Chukua kikapu cha Kiganda cha kuzungusha: ndani kuna kiini cha nyuzi za mgomba zilizokaushwa, halafu juu yake unazungusha raffia (nyuzi za majani makavu) kwa sindano, tundu kwa tundu, mzunguko juu ya mzunguko, na hapo raffia ilishachemshwa na rangi ikaanikwa ikakauka. Mtu mmoja kikapu kimoja cha kati kinamchukua siku kadhaa, na huyo mtu bado ana shamba na watoto na sufuria jikoni. Vikapu 40 kwa wiki moja labda awe navyo tayari stoo, na mwenye navyo stoo anaweza kukuonyesha leo hii.

Kwa hiyo ukitaka kumpima muuzaji wa mtandaoni usimuombe picha nzuri, hizo anazo nyingi. Muombe video ya kikapu ambacho hakijaisha, sindano bado imechomekwa, na pembeni kuna karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Msusi wa kweli atakutumia, pengine atacheka kidogo lakini atakutumia. Aliyeiba picha ana vikapu vilivyokwisha tu, cha nusu hana. Huyu wetu alipoulizwa hivyo na mtu mwingine aliyetaka kununua, akaanza maneno makali, eti unanidharau, mimi nina kastama Ulaya.

Sasa kuna waliopokea mzigo kutoka kwa watu wa namna hii na bado wakapigwa. Dada mmoja aliletewa mfuko wa "lubugo" ambao ni kitambaa cha kiwandani kilichopakwa rangi ya udongo. Lubugo haifumwi. Ni ganda la ndani la mti wa mutuba, linavuliwa msimu wa mvua, shina linafunikwa majani ya mgomba ili lipone litoe tena, halafu ganda linapondwa kwa nyundo za mbao masaa na masaa mpaka lipanuke. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005, ni heshima yetu, sio kitu cha kuchezewa. Inyanyue uangalie kwenye jua: ukiona nyuzi zimekatana sawasawa kwa urefu na upana, hicho ni kitambaa. Lubugo nyuzi zake zinakwenda ovyo ovyo, sehemu nyingine nene nyingine nyembamba, na mara nyingi kuna kiraka kidogo kimeshonwa palipotoboka, usiirudishe kwa sababu ya kiraka.

Shanga za karatasi, angalia kwenye tundu, utaona karatasi imejizungusha tabaka tabaka, halafu lowesha kidole usugue. Rangi ikitoka au ikinata, vanishi ni hafifu na jasho la shingo litaimaliza. Vinyago vyeusi wanavyoita mpingo vingi ni mti wa kawaida uliopakwa kiwi ya viatu, kwaruza chini kidogo, na mpingo wenyewe ni mzito unazama majini.

Kama uko Kampala mimi nasema nenda mwenyewe. Maduka ya kazi za mikono ya Buganda Road, au pale nyuma ya National Theatre, unashika, unanusa, unapunguziwa bei, unalipa na kuondoka na mzigo. Shanga, panda mpaka Acholi Quarters kule Banda, kina mama waliokimbia vita vya kaskazini wanazikunja wenyewe, utawakuta wamekaa nje wanakata kalenda za zamani. Na kama hela ni ndogo kunja mwenyewe na watoto, kata pembetatu ndefu nyembamba, anza kukunja upande mpana kwenye stiki ya meno, gundi mwishoni, vanishi zaidi ya mara moja na uache ikauke kabisa kila mara. Shangazi yako atakuvalia hiyo shanga mpaka Pasaka.

Wa mbali mnaolazimika kuagiza, lipeni mzigo ukifika, au mtafuteni ndugu aliye karibu na muuzaji akauone kwanza kwa macho. Jina kwenye simu lisipofanana na la muuzaji, simamisha hapo hapo, usiweke PIN. Na ukiombwa hela ya pili kabla hujaona hata kikapu kimoja, hiyo ya kwanza imeshakwenda, usiifuatishe na nyingine.

Sisi tumeshafungua kesi polisi, tukapewa namba ya SD (ya kitabu cha taarifa cha kituo), na tumeripoti ile laini kwa kampuni ya simu. Afisa akatuambia walalamikaji wakiwa wengi kwenye laini moja inasaidia. Kama na wewe umelizwa na mtu wa vikapu mwenye maneno haya ya kaka wa dukani na paseli ya basi, usifute meseji hata moja, tunza ile ya muamala na skrinshoti za mazungumzo, nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe ufungue yako, halafu niandikie inboksi nikupe namba yetu ya SD uwaonyeshe.