Mlango wa nje wa mninga, karakana ya Ngamiani: masika imepita na haujakwama

Naandika hii kwa wale mliojenga Tanga karibu na bahari, maana mi milango imenitesa jamani. Nakaa Sahare, mlango wangu wa mbele unatazama baharini, kusi ikivuma mvua inaupiga moja kwa moja. Ule wa kwanza nilinunua uliokwisha tengenezwa dukani, nikaapiwa kabisa ni mninga mkavu, masika ya kwanza tu ukavimba, kuufunga mpaka utumie bega, tukauranda, jua lilipokuja ukasinyaa pakabaki upenyo mjusi anapita, huku chini unaoza na bawaba kutu tupu.

Safari hii shoga yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Ngamiani. Hakuniuliza nakshi wala rangi, aliniuliza mlango unatazama wapi na juu yake kuna paa? Nikamwambia hakuna. "Basi mwanangu anza na kibaraza, hata bati mbili, ndo uje tuongee mlango." Nikaona ananizungusha lakini nikaweka.

Nilitaka mtiki wa shamba la miti la Longuza, bei ikanishinda. Akasema mninga unatosha kwa sababu hauvimbi wala kusinyaa sana, ila uwe moyo wa mti, ile nyeupe ya pembeni wadudu wanaipenda, akaikata yote mbele yangu. Mbao zake anazipanga kivulini na vijiti katikati upepo upite.

Sasa hapa ndo nilipoelewa wa kwanza ulikufa kwa nini. Nilikuta paneli, zile mbao pana za katikati, ukizigusa zinacheza kidogo kwenye fremu, nikataka kugomba, kumbe hazigundishwi makusudi, zinakaa tu kwenye mfereji na nafasi kama milimita 2 kila upande, maana mbao inatanuka kwa upana, ukiibana na gundi itapasuka au itafumua fremu. Fremu yenyewe ni ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inaingia kwenye tundu la nyingine, imepigwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, sio misumari.

Halafu akaulaza mlango akaniambia "mlango hauanzi kuoza usoni, unaanza miguuni". Akapaka vanishi ya boti kwenye ukingo wa chini, pale mbao ilipokatwa, ikanywewa yote kama maji kwenye mchanga, akapaka tena, na tena, mpaka ikabaki juu inang'aa. Ukingo wa juu hivyo hivyo. Ule wangu wa zamani kwa chini haukuwa hata na tone! Bawaba na skrubu zote stenlesi, na kwa nje chini kaweka ubao ulioinama wenye kamfereji upande wake wa chini, maji yanadondokea hapo hayarudi ndani.

Yaliyoniudhi: alichelewa wiki 3 nzima na simu hapokei, nimetoa 450,000 bila kitasa na nusu aliitaka mwanzo, kwa kweli sio pesa ndogo. Pia upande wa jua vanishi imeshaanza kufifia, ila hilo alinionya, kila mwaka nipige msasa laini nipake upya kabla haijapasuka, nimeshafanya mwenyewe Jumamosi moja.

Mwanangu wa miaka 6 anaufungua kwa mkono mmoja na mvua inanyesha. Mkienda nendeni asubuhi, mchana mashine ya kuranda inaunguruma hamtasikilizana.