Uzoefu wangu na Boeing 727-200 ya simuleta: kiti cha mhandisi ndicho kilichonishika

Nimeirusha ndege hii kwa miezi minne kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, na daftari langu la safari linaonyesha saa 130 na ushei. Ningeandika maoni haya baada ya wiki ya kwanza, ningeipa alama za wastani na kuisahau kwenye diski. Wiki ile nilikaa kiti cha kushoto, cha rubani, kama nilivyozoea, na kazi zote za nyuma nikamwachia mhandisi wa kompyuta, yaani ile programu ndogo inayokuja na kifurushi ili kumfanyia mtu kazi za mhandisi wa ndege. Kila kitu kilikwenda vizuri. Injini zinawaka, taa za tahadhari zinazimika zenyewe, mafuta yanahama yenyewe. Nikajiuliza watu wanasifia nini hasa.

Jioni moja nikamzima yule mhandisi, nikageuza kamera nyuma upande wa kulia, nikakutana na ukuta.

Ni ukuta kweli. Nyuma ya rubani msaidizi kuna paneli iliyojaa geji, taa na swichi kutoka usawa wa goti hadi juu ya kichwa. Boeing 727 ilibuniwa irushwe na watu watatu, na huyu wa tatu ndiye aliyeshika umeme, mafuta, haidroliki na hewa ya kabini. Kiti chake kinazunguka na kuteleza kwenye reli, ili wakati wa kupaa ageukie mbele na kuzitazama geji za injini pamoja na wenzake. Waliotengeneza nyongeza hii, yaani kifurushi cha ndege kinachoongezwa kwenye simuleta, wamekiiga hata kiti hicho; ukikibofya ubavuni kinasogea.

Nilianza na umeme, kwa kuwa pasipo umeme hakuna kinachofuata. Kila injini ina jenereta yake, na kati ya injini na jenereta kuna kifaa kinachoizungusha jenereta kwa mwendo uleule hata injini ikiongezwa au kupunguzwa, ili umeme utoke na mizunguko 400 kwa sekunde. Kwenye ndege nyingi za simuleta nilizowahi kununua, unabonyeza swichi ya jenereta, taa inazimika, kazi imekwisha. Hapa jenereta zote tatu zinafanya kazi sambamba kwenye laini moja, kwa hiyo huwezi kuunganisha ya pili mpaka mawimbi yake yaende sawia na ya ile iliyotangulia. Unaichagua kwa kuzungusha kitufe, unasoma volti 115, unarekebisha mizunguko, kisha unatazama taa mbili ndogo za ulinganifu. Zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika, upesi mwanzoni, halafu polepole kadiri mizunguko inavyokaribiana. Unaunganisha zikiwa giza. Ukiunganisha zikiwa zinang'aa, jenereta inajitoa na unaanza upya.

Usiku wa kwanza nilihangaika karibu nusu saa na jenereta namba tatu. Nilikuwa nabofya mara tu taa zinapozimika, na kila mara nilichelewa kidogo, zikawa zimeshaanza kuwaka tena. Nilipopunguza tofauti ya mizunguko hadi giza likadumu kama sekunde mbili, ikashika. Geji tatu za mzigo zikatikisika, zikatulia, kila jenereta ikabeba fungu lake. Nilibaki nimezikodolea macho zile sindano kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba nyuma ya picha kuna mtambo, na kwamba mtambo huo haujali kama nina haraka.

Mafuta nayo yana utaratibu wake. 727-200 ina matangi makuu matatu, na la kati, namba mbili, ndilo kubwa. Unapaa kila injini ikinywa tangi lake, halafu ukishatulia angani unafungua vali za kuvusha ili injini zote tatu zinywe la kati mpaka matangi yalingane, kisha unazirudisha kila moja kwake. Mimi nilisahau, katika safari ya saa tatu na nusu. Nikiwa nakaribia kuanza kuteremka, taa za shinikizo dogo la pampu za tangi namba moja zikaanza kupepesa. Nilikuwa nimebeba mafuta tele katikati ya ndege, na injini ya kushoto iko karibu kukata kwa kiu. Nilirukia kiti cha nyuma, nikafungua vali, taa zikatulia. Tangu siku hiyo naandika kiasi cha kila tangi kwenye karatasi kila baada ya dakika 20. Nyongeza haikulazimishi kufanya hivyo. Ndege yenyewe ndiyo inayokufundisha.

Niseme kidogo kuhusu ndege yenyewe, kwa sababu wengine wanaitamani kwa umbo tu. Ilipaa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1963, na hadi kiwanda kinafunga mkondo wake mwaka 1984 zilikuwa zimeundwa 1,832. Ilikusudiwa ifike hata viwanja ambavyo njia ni fupi na vifaa vya ardhini ni haba. Ndiyo maana ina ngazi yake chini ya mkia, na ina injini ndogo ya kutoa umeme na hewa ikiwa imeegeshwa. Hiyo injini ndogo imewekwa kwenye chumba cha magurudumu, na haiwashwi angani. Nyongeza ya zamani niliyokuwa nayo ilikubali iwashwe popote, hata futi 30,000. Hii inakataa, na mimi napenda ndege inayokataa.

Sasa kwenye kurusha. Usitegemee ramani ya rangi mbele yako, wala kompyuta inayokushikia mwendo. Unakokotoa nguvu ya kupaa kutoka kwenye jedwali kwa kutumia joto la nje na kimo cha uwanja, unapata namba ya EPR, yaani uwiano wa shinikizo la hewa inayotoka na inayoingia injini, unaiweka kwenye geji tatu, kisha unasogeza vialama vyeupe vya plastiki kuzunguka geji ya mwendo: hapa kuinua pua, hapa kukunja flapu (vibao vya bawa vinavyolisaidia kubeba ndege kwa mwendo mdogo), hapa mwendo wa usalama. Mwanzoni nilikiona kitendo hiki kama mapambo. Sasa siwezi kupaa bila hicho, maana mawazo yote ya dakika kumi zinazofuata yameshapangwa pale kabla gurudumu halijazunguka.

Njiani unafuata vituo vya redio vya VOR, vya ardhini vya kuongozea ndege, kimoja baada ya kingine, na otopailoti inashika kimo na uelekeo, vizuri lakini si kwa ulaini wa kisasa. Kuna chaguo la kuweka mtambo wa Carousel, unaojua mahali ndege ilipo kwa kupima kila mwendo wake tangu ilipoegeshwa. Unaupa latitudo na longitudo kwa tarakimu, unausubiri ujipange karibu robo saa, na unabeba vituo tisa tu kwa wakati mmoja. Nimeutumia mara mbili, unafanya kazi, lakini roho yangu iko kwenye VOR.

Kutua ndiko kulikonitoa jasho. Mabawa ya 727 yamelala nyuma kwa nyuzi 32 na yameumbwa kwa kasi. Ili yakubali mwendo mdogo, mbele zinatoka slati na flapu za Krueger, yaani vibao vya ukingo wa mbele wa bawa, na nyuma zinashuka flapu zenye sehemu tatu zilizoachana. Zikifika nyuzi 30 ndege inakuwa na kizuizi kikubwa cha hewa, na ukiwa umeondoa nguvu zote inazama upesi ajabu. Hapo ndipo injini za JT8D zinapodai heshima: kutoka mwendo wa chini kabisa hadi nguvu kamili zinahitaji sekunde kadhaa, na sekunde hizo huwezi kuzikopa popote.

Jambo hili liligharimu maisha ya watu. Mwaka 1965 pekee, 727 tatu zilianguka nchini Marekani zikielekea kutua, ingawa si zote kwa sababu hii. Mojawapo, ndege ya United namba 227, ilifika Salt Lake City tarehe 11 Novemba ikiteremka zaidi ya futi 2,000 kwa dakika. Kati ya watu 91 waliokuwemo, 43 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba rubani hakuchukua hatua mapema kuuzuia mteremko ule. Nilisoma habari zake baada ya kutua vibaya mara nne mfululizo kwa kosa lilelile, kuchelewa kurudisha nguvu, na nikaelewa kwamba watengenezaji hawakuiongezea ndege ugumu wa bure. Kwenye nyongeza ya zamani ningevuta pua, nikaongeza nguvu futi 200 kutoka ardhini, nikasalimika. Hapa nilibamiza magurudumu, na mimi niliyejidhani mzoefu nikarudi kujifunza. Sasa kanuni yangu ni moja: nikifika futi 1,000 juu ya uwanja, flapu ziko tayari, mwendo umetulia, injini zinavuma, au nazunguka kurudia.

Sauti ni nzuri bila kuzidishwa. Injini zote ziko mkiani, kwa hiyo mbele unasikia zaidi upepo ukipiga pua ya ndege kuliko injini zenyewe, na walioirekodi wameliheshimu hilo. Ukienda kiti cha mwisho cha abiria hali inabadilika kabisa. Rangi, michubuko ya paneli, mikanda ya viti, vyote vimefanywa kwa mkono wa anayejua.

Malalamiko ninayo, na baadhi si madogo.

Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa ajili ya rubani. Kurasa nyingi zinaeleza kiti cha kushoto, na paneli ya mhandisi, ambayo ndiyo moyo wa kifurushi, imepewa orodha ya majina ya swichi na maelezo ya haraka haraka. Mambo ya ulinganifu wa jenereta niliyoyaeleza hapo juu nilijifunza kwa kukosea. Mtu mwenye subira ndogo atamrudisha mhandisi wa kompyuta na hatajua alichokosa.

Lililoniudhi zaidi ni kuhifadhi safari. Nikihifadhi nikiwa angani na kuifungua kesho yake, vali za kuvusha zinaonekana zimefungwa ilhali ndani ya hesabu ziko wazi. Safari mbili ziliniharibikia hivyo kabla sijagundua. Niliwaandikia watengenezaji na picha za geji. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, likiniambia niifute programu na kuiweka upya. Nilifanya hivyo, hakuna kilichobadilika. Sasisho lililotoka mwezi uliopita limerekebisha, ila wakati naomba msaada nilijiona kama nazungumza na ukuta, na safari hii si ule ukuta ninaoupenda.

Usiku, safu ya chini ya paneli ya mhandisi iko gizani hata taa zikiwashwa zote, na ndiko zilikokaa swichi za mafuta. Pia kompyuta inaelemewa. Yangu inaendesha ndege nyingine kwa fremu 40 hivi kwa sekunde. Hii kwenye viwanja vikubwa inashuka hadi 25. Nilipunguza ubora wa picha za kabini, ambayo sikai, na ikapumua kidogo.

Je, inafaa kununuliwa? Ukipenda kuwasha, kupaa na kula mandhari, pesa yako itapata furaha zaidi kwenye ndege nyepesi. Ukipenda kujua kwa nini kitu kinawaka, usisite. Mimi ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naishikilia mpaka kitabu cha mhandisi kiandikwe upya.

Kuna jambo sikulitarajia. Kifurushi kinaruhusu watu wawili kuirusha ndege moja kwa intaneti, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Mdogo wangu hajawahi kupenda simuleta, lakini ni fundi umeme, na nilipomweleza habari za zile taa mbili za ulinganifu akaomba kuziona. Jenereta namba tatu iliyonisumbua nusu saa aliiunganisha jaribio la pili. Sasa tunaruka wote karibu kila mwisho wa wiki. Mimi nikiwa nahangaika na kituo cha VOR kinachokatakata, nasikia kwenye spika, "Kaka, matangi yamelingana, nafunga vali," nami najibu, "Funga," bila kugeuka kutazama. Swichi zake chache huchelewa kuonekana kwangu, hasa za hewa ya kabini, kwa hiyo tumezoea kutajiana kila tunachogusa, na nadhani hata watatu wa kweli walifanya hivyo.

Jumamosi hii tunabadilishana. Yeye anataka kujaribu kutua, na mimi nimeomba kiti cha nyuma.